Bi Pimbi na Wakubwa wa Shimoni

Hapo zamani za kale, wanangu, siku ambazo wanyama walijenga nyumba, wakaoana, wakatoa michango na kugombana vikaoni kama sisi, kulikuwa na kijiji kiitwacho Machimboni. Wenyeji wake walichimba chumvi. Asubuhi walishuka mashimoni na sururu, jioni wakapanda na magunia.

Hapo aliishi Bi Pimbi. Mnamjua pimbi? Kijinyama kifupi, hakina hata mkia wa kujivunia, kinashinda majabalini kikiota jua. Wakubwa walimpita bila kumwona, na wakimwona, walicheka. Lakini Mungu alipompunguzia kimo, alimwongezea ulimi.

Jirani yake alikuwa Muhanga, mchimbaji hodari kuliko wote. Muhanga alichimba, Bi Pimbi akabeba. Waliishi kama kaka na dada, hata mke wa Muhanga, Mama Kucha, alimwita Bi Pimbi wifi.

Basi kila msimu, kila nyumba ya Machimboni ilitoa gunia la chumvi kwa Halmashauri.

"Huu ni mchango wa uokoaji," walisema wakubwa. "Shimo likiporomoka, tutakuja mbio na kamba, na kapi la kuvutia mizigo, na machela ya kubebea majeruhi!"

Wakubwa wenyewe walikuwa watatu. Nyati, Mwenyekiti, mwenye shingo nene na mawazo membamba. Ngiri, Katibu, ambaye kazi yake ilikuwa kusema "Naam, Mheshimiwa" kabla Mheshimiwa hajafungua mdomo. Na Mweka Hazina je? Fisi! Naam, Fisi. Walimkabidhi fisi bucha, kisha wakashangaa nyama imekwenda wapi.

Asubuhi moja, gudugudu, puu! Shimo likaporomoka, na Muhanga yumo ndani.

Vumbi lilipotulia, watu wakalaza masikio chini. Wakasikia sururu ikigonga kutoka chini kwa chini: ko! ko! ko!

"Yu hai!" akapiga kelele Mama Kucha. "Wifi, wewe ndiye mwepesi. Kimbia Halmashauri!"

Bi Pimbi alikimbia, miguu haigusi ardhi, hata akafika ofisini. Akawakuta wakubwa wanakunywa supu.

"Waheshimiwa! Muhanga kafukiwa! Leteni kamba, leteni kapi!"

Nyati akapangusa mdomo taratibu. "Bi Pimbi, hapa ni ofisini. Watu huingia kwa hodi."

"Hodi! Haya, kamba iko wapi?"

"Fungu la uokoaji bado halijapitishwa," akasema Fisi, macho yake kwenye mfupa.

"Na magunia yetu yote yale?"

"Yako kwenye mchakato," akadakia Ngiri.

"Mchakato ni mnyama gani huyo, anayekula chumvi yote ile asipasuke?"

Nyati akaangua kicheko, ho-ho-ho, supu ikamtoka puani. "Mwone huyu! Kadogo hivi, maneno hivi! Rudi ukawaambie wenzako wawe na subira. Tutakaa kikao."

Bi Pimbi akarudi mikono mitupu. Wakachimba kwa kucha, wakachimba kwa masufuria. Kila walichotoa, kifusi kilirudisha maradufu. Chini kule sururu iligonga, ko! ko! Kisha ikawa ko... ko... Jua lilipoanza kuinama, kimya. Mama Kucha hakutaka kuinuka. Alilaza sikio pale pale, ingawa kila mtu alikuwa ameshajua.

Matangani wakubwa walikuja wote watatu, wamevaa nguo za kung'aa. Nyati akatoa hotuba. "Halmashauri yangu imesikitika, imesikitika mno!" Alipomaliza kusikitika, akala pilau, akaongezwa, akaongezwa tena. Fisi yeye hakuhutubu. Alikwenda moja kwa moja kwenye sufuria.

Bi Pimbi aliwatazama wakila. Machozi hayakumtoka. Akawaza, "Hawa machozi yetu hawayaoni. Kitu pekee wanachokisikia ni tumbo. Vyema, nitazungumza na matumbo yao."

Matanga yalipoanuliwa, akakaa na wanakijiji, wakanong'onezana. Kisha akashika njia ya Halmashauri, safari hii akitembea polepole.

"Hodi hodi, waheshimiwa."

"Umekuja tena kulia?" akaguna Nyati.

"La, Mheshimiwa. Nimekuja kuwatetea. Watu wa Machimboni wamekuwa wakaidi. Wanasema hawatoi tena hata punje ya chumvi."

Fisi akaruka kitini. "Hata punje?"

"Hata ya kutia kwenye uji. Lakini mimi nikawaambia, jamani, wakubwa wetu wafanye maonyesho. Washuke shimoni wenyewe, waokolewe mbele ya macho yetu, tuone uokoaji upo. Mkiona, mtatoa mara mbili. Wakakubali!"

"Nishuke shimoni mimi?" Nyati akakunja uso. "Mwenyekiti?"

"Basi, Mheshimiwa, nitawaambia hukutaka. Ila ile posho itabidi irudi kwa wenyewe."

Masikio sita mapana yakasimama.

"Posho gani?" wakauliza kwa pamoja.

"Ah, si kitu. Magunia ya chumvi nyeupe kabisa, yamepangwa chini ya shimo. Anayeshuka ndiye anayechukua. Asiyeshuka, basi tena."

Mate yakamdondoka Fisi, to! to! to! Wakaenda pembeni wakanong'ona.

"Kamba yenyewe ya kututolea?" akauliza Ngiri.

"Kamba ya nini?" akasema Fisi. "Wachimbaji si wana lile gogo lao lenye vidato? Tunashuka nalo, tunapanda nalo, tunapiga makofi, tunasema tumeokolewa. Wale wajinga watajua nini?"

"Naam, Mheshimiwa," akasema Ngiri, ingawa Mheshimiwa hakuwa amesema kitu.

Siku ya maonyesho ikawadia. Watu wote wa Machimboni walisimama ukingoni mwa shimo moja kubwa la zamani, na Mama Kucha akiwa mbele, kajifunga kaniki ya msiba. Wakubwa wakafika wakisukumana.

"Mimi kwanza! Mimi ni Mwenyekiti!"

"Hazina hutangulia, Mheshimiwa!"

Nyati alikanyaga vidato viwili tu, kilichobaki alikishuka kwa makalio: buruuu, pwaa! Fisi akamwangukia juu, Ngiri akawaangukia wote. Hawakuona maumivu. Magunia yalikuwepo kweli, wakaanza kuyanyang'anyana.

"Vuta!" akasema Bi Pimbi.

Wanakijiji wakalivuta gogo juu, sss!

Nyati akainua kichwa. "We Bi Pimbi! Gogo linakwenda wapi?"

"Gogo ni la kuendea kazini, Mheshimiwa. Leo ni maonyesho. Tunasubiri vifaa vya uokoaji. Viko wapi tukavichukue?"

"Viko... viko stoo!"

"Stoo tumepita asubuhi. Tumekuta buibui, naye kasema hajaona kitu."

Watu wakacheka. Shimoni hakucheka mtu, kwa maana wingu lilikuwa limefunga, na matone yakaanza, to, to, halafu shwaaa! Nanyi mnajua chumvi na maji. Kuta zikaanza kuyeyuka. Tope likawafika magotini. Bonge la udongo likadondoka, pwaa, karibu na kichwa cha Fisi.

"Uwiii!" akalia Fisi. "Kamba iko kwa Nyati! Kazungushia bustani yake ya mchicha! Nendeni mkaikate!"

"Mwongo mkubwa!" akanguruma Nyati. "Yeye je? Machela ya majeruhi kaifanya kitanda, analala mchana kutwa! Muulizeni!"

"Na kapi je?" akauliza Bi Pimbi.

Wawili wakamgeukia Ngiri.

"Naam," akasema Ngiri kwa sauti ya kitoto. "Liko kwangu. Ninapandishia mapipa ya pombe."

Ukingoni kicheko kilikatika. Sasa wote walimtazama Mama Kucha. Kamba ilikuwepo. Kapi lilikuwepo. Siku ile sururu ilipokuwa ikigonga, vyote vilikuwepo.

"Waacheni humo humo!" akafoka mmoja. "Wafukiwe!"

Bi Pimbi mwenyewe alihisi neno hilo likimpanda ulimini, tamu kama asali. Chini kule Nyati alikuwa akilia kama ndama. Ingekuwa rahisi sana kugeuza mgongo tu.

"Wafu hawajibu maswali," akasema hatimaye. "Nataka hawa wajibu. Wepesi, kimbieni nyumbani kwao!"

Wakakimbia, wakarudi na kamba ingali na majani ya mchicha, na kapi linanuka pombe. Wakalifunga kapi kwenye mti, wakashika kamba, Mama Kucha naye akashika.

"Haya! Vuta! Haya! Vuta!"

Akatoka Ngiri. Akatoka Fisi, mkono mmoja bado umekumbatia gunia. Wa mwisho akatoka Nyati, matako kwanza, akining'inia kama mzigo wa sokoni, amejaa tope hadi puani. Watoto wakampigia vigelegele. Mvua ilikuwa haijakatika.

Mama Kucha akaiachia kamba, akatazama viganja vyake.

"Kumbe ni kazi ndogo namna hii," akasema.

Nyati akafungua mdomo, labda atoe hotuba, akaona nyuso zile, akaufunga.

Siku hiyo hiyo walivuliwa vyeo. Tangu hapo Nyati, Fisi na Ngiri walishika zamu ya kulinda mashimo, mvua yao, jua lao, na kila mtoto aliyepita aliwauliza, "Waheshimiwa, kikao kimekwisha?" Na kamba, kapi na machela vikawekwa pale pale Machimboni, mahali ambapo mkono wowote ungevifikia.

Wanangu, alaye kamba ya kuokolea wenzake, na ajue shimo halichagui mtu.