Boliti Zilizovutika na Mtoto wa Nambua

Siku ile gerejini walikuwepo Nambua, mwenye mimba ya mwezi wa mwisho; Nakiete, mama mkwe wake; Mgonja, dereva; Senkondo, fundi; na Bi Nakundwa, mjane muuza ndizi. Hakuwepo mwingine. Sogeeni basi, na mwenye kutaka kukohoa akohoe sasa, maana mwisho nitawauliza neno.

Katika hao, watatu walijulikana kila mmoja kwa lake. Mgonja alikuwa na pua: harufu ya oili aliipata kabla tone halijafika chini. Senkondo alikuwa na mikono. Kule juu Upareni vipuri ni vya shida, lakini yeye alirudisha barabarani magari yaliyokwisha kukatiwa tamaa. Bi Nakundwa hakuwa na ufundi wowote. Alikuwa tu mtu ambaye ukimwomba chumvi, anakuletea na kitunguu.

Nambua alifika akitembea kwa kujishika ukuta, kanga yake imelowa damu. Nesi wa zahanati alikuwa amemwambia, "Teremka hospitali sasa hivi." Basi lilishaondoka, na pikipiki haimbebi mama wa hali ile. Lilibaki gari la Mgonja, la automatiki, ambalo Senkondo alikuwa ndio kwanza amelibadilisha oili ya giaboksi. Kutoka pale hadi bondeni ni mteremko mtupu, kona juu ya kona, na ukungu ulikuwa umemeza hata ukingo wa barabara.

Mgonja akawasha gari, likanguruma kwa muda, wakasogea hadi getini. Hapo akasimama. Akanusa.

"Mbona umesimama?" Nakiete akauliza.

"Mama, oili inanuka."

"Gerejini kusiponuka oili kunuke nini, pilau? Endesha!"

Mgonja akazima gari. Nakiete akamwita mwoga, akamwita muuaji, akamchapa mgongoni kwa mtandio. Mgonja akachomoa ufunguo, akautia mfukoni. "Nipige tu, mama. Mteremko ule sishuki na gari hili." Nambua, aliyelala kiti cha nyuma, alimchukia kuliko mtu yeyote duniani. Mtoto alikuwa hajacheza tumboni tangu alfajiri.

Senkondo akaingia chini ya gari. Sampo, ile sinia ya chini inayoshika oili ya giaboksi, ilikuwa imelowa pembeni. Aligusa boliti moja kwa spana, kichwa chake kikakatika, tak, kama kijiti. Alitoka nacho kiganjani.

"Ulifunga boliti mpya?" Mgonja akamwuliza.

"Zilezile. Nilizisafisha kwa petroli nikazirudisha. Kwetu huku nani anatupa boliti?"

Na kweli, milimani kule boliti isiyo na kutu hurudi ilikotoka. Lakini hizi zilikuwa za aina laini: ukizikaza mara ya kwanza zinavutika, ukizikaza tena zinakatika. Senkondo alifungua moja nyingine ya zamani, akailaza ubavuni mwa moja mpya. Meno hayakukutana: ile ya zamani ilikuwa imeshavutika. Sampo ingeachia kwenye kona, oili ingemwagika yote, giaboksi isingelishika gari tena, na breki peke yake zingeungua kabla ya bondeni. Nambua alisikia maneno hayo yote. Akajishika tumbo kwa mikono miwili.

"Na hiyo mpya umeitoa wapi?" Nakiete akauliza.

Senkondo akageuka. Alimtazama Bi Nakundwa.

Gari la Bi Nakundwa lilikuwa aina ileile, nalo lilikuwa limefunguliwa pale pale, vipande chini, kazi ya saa mbili kuliunganisha. Boliti zake zilikuwa zimetoka Dar kwa basi, baada ya kungojwa tangu msimu wa kupanda. Asubuhi ile alikuwa amevaa nguo za msiba. Dada yake, aliyemlea, alikuwa anazikwa adhuhuri upande wa pili wa mlima, na bila boliti zile asingefika.

"Dada yangu anao watu wa kumzika," alisema. "Chukua, Senkondo, kabla sijafikiri." Kisha akaja garini, akaifunika miguu ya Nambua kwa kanga yake, akageukia ukutani akalia.

Oili ilikuwa bado ya moto. Fundi husubiri ipoe, Senkondo hakusubiri. Alipofungua sampo ikamtiririkia kutoka kifundo cha mkono hadi kiwiko. Akavuta pumzi kwa meno, basi. Alichomoa kile kipande kilichobaki ndani, akafunga boliti mpya, akakaza kwa spana ya kupimia kidogo kidogo, kona hii kisha kona ile, ngozi ikimbabuka. Nambua alisikia chini ya mgongo wake kila mlio wa spana ikifika kipimo, na kila mlio aliuombea usifuatwe na ule wa kukatika.

Haukufuatwa. Wakatia oili, wakateremka. Njia nzima Nambua hakufumba macho. Hospitalini walimpasua, mtoto akatoka kimya, kimya kikakaa, kisha akalia.

Sasa, nyumbani kwa Nakiete mtoto akitolewa nje mara ya kwanza, mtu mmoja tu humpokea mlangoni, na wanaamini mtoto hufuata tabia za mikono iliyompokea. Siku ilipofika walikuja wote watatu.

"Mpe Mgonja," Nakiete alinong'ona. "Nilimpiga, akavumilia."

Nambua akawaza: Mgonja alikataa, ila alikuwa akiiokoa pia roho yake mwenyewe. Senkondo aliungua mkono, ila kosa lilikuwa lake. Bi Nakundwa alitoa mazishi ya dada yake, yasiyorudi tena, ila bila pua ya yule na mkono wa huyu, boliti zake zisingemwokoa mtoto.

"Mimi usinipe, mwanangu," alisema Senkondo, ameficha mkono wenye kovu. "Utampaje mtoto mtu aliyekaribia kumuua?"

"Aliyemuua ni nani, wakati yuko hai?" Bi Nakundwa akamjibu.

Mgonja alijifuta mikono kwenye suruali.

Nambua alimtoa mtoto, akamweka mikononi mwa mmoja wao. Jua likampiga mtoto usoni, akapiga chafya.

Ni nani huyo, sisemi. Je, wewe ungemkabidhi nani?