Papai Mmoja Katika Tangi la Kandida

Hapo zamani, na msinikodolee macho, si zamani ya wafalme, ni ya juzijuzi tu, umeme ukiwaka na kukatika kama leo, palikuwa na mjane pale Mbinga anaitwa Kandida. Nawaonya mapema. Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi, na kila nikikimaliza nabaki sielewi kitu. Kaeni vizuri mnisaidie. Anayetaka hadithi ya kumbembeleza akalale.

Mume wa Kandida, marehemu Gervas, alikuwa fundi wa vioo vya madirisha. Vipande vilivyobaki kazini aliviunganisha kwa gundi, akapata tangi kubwa la samaki, akaliweka sebuleni. Akashuka Ziwa Nyasa, akapanda na samaki wadogo wa kwenye miamba, wale wanaoitwa mbuna. Sasa baridi ya Mbinga mnaijua. Samaki wa ziwani hawaiwezi. Gervas akatia hita ndani ya maji, na umeme ukikatika alilivika tangi blanketi la kitandani, yeye na mkewe wakajifunika vitenge.

Basi akachukua dume wa bluu wa aina moja, akamweka na jike wa njano wa aina nyingine. Watu wakamwambia, hao ni koo mbili, hawatazaa. Wakazaa. Wakatoka vifaranga chotara, rangi ya papai lililoiva, pindo la mapezi bluu. Hakuna aliyewahi kuona samaki wa namna ile. Gervas akawaita mapapai. Majirani walikuja kuwatazama kama wanavyokwenda kumwona mtoto mchanga, wengine na sabuni mkononi. Yeye na Kandida hawakujaliwa mtoto. Nimesema tu ilivyokuwa, msianze kunitafutia mafumbo.

Ikaja baridi mbaya, samaki wakafa, wazazi na watoto, wakabaki mapapai wawili tu, dume na jike. Kisha kifua kikamshika Gervas mwenyewe, akafa. Siku ya kumaliza matanga ndugu wakagawana makoti na vifaa vya kukatia vioo. Tangi hakuna aliyelitaka. Hapo Kandida akasimama.

"Mapapai wamebaki wawili," alisema. "Wakifa hawa bila kuzaa, kazi ya mikono ya mume wangu imekwisha duniani. Atakayenionyesha kifaranga hai cha jike huyu, achague samaki mmoja katika tangi hili, yeyote ampendaye, aende naye. Sitamkatalia."

Na kwetu, neno ukilisema mbele ya watu wa matanga, umemwambia na marehemu. Hulirudishi.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo panaanza kuchanganya. Mbuna jike akitaga, huyachukua mayai akayabeba mdomoni mpaka yaanguliwe. Muda wote huo hali kitu. Jike papai akataga. Mashavu yakavimba, akasusa chakula, Kandida akafurahi. Akalifunika tangi kwa kitenge kama chumba cha mzazi. Wageni akawazuia mlangoni. Kisha akamwonea huruma, mzazi gani huyu halishwi, akamdondoshea uji. Asubuhi maji yamechafuka, mashavu ya samaki yamesinyaa, mayai hayapo. Kameza.

Kandida akasema ni uji wangu. Akabadilisha maji. Jike akataga tena. Mashavu yakavimba, akasusa chakula, Kandida akafurahi, safari hii uji hakutia. Asubuhi mashavu yamesinyaa. Kameza. Akataga mara nyingine, kameza tena. Mtaa mzima ukasema jike yule mroho, anakula wanawe. Wengine wakasema ana mkosi. Kandida alikuwa akisikia maneno hayo anaingia ndani anafunga mlango. Mnajua kwa nini.

Akaja Osmund, mdogo wake marehemu, mfugaji wa nguruwe. Akakaa mbele ya tangi, akatazama. Jike, aliyekuwa ametaga tena, akatema yai moja, Osmund akalitoa, akaliweka kiganjani. Jeupe pee.

"Shemeji," alisema, "yai hili halina uhai. Jike anameza kilichokufa, ungetaka afanye nini? Mimi nguruwe wangu asiposhika mimba, kwanza namtazama dume. Huyu dume ni chotara, anazunguka na kujionyesha, lakini hana mbegu. Mnamwonea jike bure."

"Kwa hiyo nifanyeje, shemeji?"

"Mtoe. Tafuta dume mwingine."

Kandida akalia, maana dume yule naye alikuwa papai. Osmund akamtoa kwa mkono wake, akamweka kwenye beseni jikoni, karibu na jiko. Moto ukazimika. Asubuhi papai dume anaelea ubavu juu. Je, Osmund alisaidia au aliharibu? Ngojeni, bado.

Akaja Auleria, jirani, muuza vitenge. Dukani kwake palikuwa na dume wa mbuna wa kijivu mwenye michirizi, kakaa naye miaka mpaka wateja walikuwa wanamwamkia.

"Mdogo wangu," alimwambia Kandida, "mchukue huyu. Nampenda, lakini mchukue."

Wakamtia tangini. Dume wa kijivu akamfukuza jike pembe mpaka pembe, akamchana mapezi, naye jike akamrudishia. Wakapigana, wakachoka, wakapatana. Jike akataga. Lakini dume akajibanza nyuma ya hita na majeraha yake, hakutoka tena. Auleria akamkuta amekufa. Alimfunga katika kipande cha kitenge kipya akamzika nyuma ya duka, na mteja aliyecheka hakuuziwa kitenge siku hiyo.

Mashavu ya jike yamevimba. Kasusa chakula. Safari hii Kandida hakufurahi, aliogopa. Nani atamzuia asimeze? Amezoea kumeza.

Akaja Mektilda, mkunga mstaafu, mpangaji wa chumba cha uani. Akanawa mikono mpaka kwenye viwiko.

"Mwanangu, toka nje," alisema.

"Sitoki, mama."

"Basi nyamaza."

Akamshika jike kwa kitambaa kibichi, akampenyezea unyoya wa kuku mdomoni, akamfungua. Mayai yakadondoka, ya rangi ya kiini, si meupe. Akayatia kwenye chupa ya maji aliyoikata, akaining'iniza ndani ya tangi lenye joto, akaingiza bomba la pampu ya hewa, mayai yakawa yanabiringika. Umeme ukikatika alipuliza kwa mrija kwa mdomo wake, kichwa kikamzunguka, akapumzika, akapuliza tena. Yakaanguliwa. Jike aliporudishwa majini hakukaa sana. Alianza kuogelea upande, akafa. Aliuawa na vita vya dume wa Auleria? Au na vidole vya Mektilda? Au alikuwa amechoka tu? Mimi sijui. Mektilda mwenyewe anasema hajui.

Vifaranga wakakua. Wa kijivu. Wa kijivu. Wote wa kijivu wenye michirizi, sura ya baba yao. Kandida alikuwa anawatazama machozi yanamlengalenga. Mpaka siku moja, mmoja, mdogo kuliko wenzake, akaanza kuiva. Rangi ya papai, pindo la bluu. Mmoja tu. Na ni mdogo mno, hajulikani kama ni dume au jike, hajulikani kama atazaa au atakuwa kama mjomba wake wa beseni.

Ikafika misa ya kumaliza mwaka wa Gervas. Watu walewale wa matanga wakajaa sebuleni, na wale watatu wakadai.

Osmund akasema, "Bila mimi mngekuwa mnamsimanga jike mpaka leo. Mimi ndiye niliyejua kasoro iko wapi."

Auleria akasema, "Kujua kasoro hakuzai. Mayai yalitaka dume, si maneno. Dume wangu yuko wapi sasa? Nimemzika."

Mektilda akasema, "Dume alikuwepo, mayai yalikuwepo, na yangemezwa kama yale ya mwanzo. Aliyeahidiwa ni atakayeonyesha kifaranga hai. Nani alikionyesha?"

Kandida akawauliza taratibu, "Nikimpa mmoja wenu haki yake, atachagua samaki gani?"

Osmund akanyoosha kidole kwa yule papai. "Nilimuua dume wa kaka kwa uzembe wangu, shemeji. Niache nimlee huyu."

Auleria naye, kwa papai. "Wa kijivu wanapatikana ziwani. Huyu ni mtoto wa samaki wangu na hapatikani popote."

Mektilda naye, kwa papai. "Nimepokea watoto wa watu maisha yangu yote, mwanangu, nikawakabidhi wenyewe. Huyu pumzi yangu ilimwingia. Huyu mmoja nimpeleke chumbani kwangu."

Kandida akashika ukingo wa tangi. "Nilisema achague yeyote," alisema. "Sikujua atakuwepo mmoja. Nilichokuwa nakitaka ni hicho mnachotaka kukichukua."

Watu wakaguna. Mmoja akasema neno ulilisema mbele ya marehemu. Mwingine akasema marehemu mwenyewe angelia. Mwingine akasema mwacheni mama wa watu, ndiye aliyelala na baridi ili samaki wapate blanketi. Mwingine akauliza, kwani huyu ni papai kweli, au ni wa kijivu aliyefanana na mama? Wakabishana mpaka chai ikapoa, na mimi nilikuwepo, na kila aliyesimama kusema nilimuunga mkono, kisha akasimama mwenzake nikamuunga mkono na yeye. Kichwa kiliniuma.

Kandida amesimama na kikombe cha kuvulia samaki mkononi, anasubiri kuambiwa ampe nani. Haya, mwambieni. Je, nani alistahili: aliyeijua kasoro, aliyetoa dume, au aliyetoa pumzi? Au mtamwambia mjane avunje neno alilompa mumewe, ili abaki na kitu pekee mumewe alichomwachia?