Kihenge cha Marehemu Vitus

Kijiji cha Igangilo kimekaa juu ya mgongo wa kilima, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Iringa mjini. Mteremko ni mkali, kwa hiyo nyumba zimesogeleana pale penye tambarare kidogo, na kati ya nyumba na nyumba kuna ua wa matete tu. Ukikaanga kitunguu kwako, jirani anajua. Ukigombana na mumeo, jirani anajua zaidi.

Hapo aliishi Veneranda, mke wa Jofrey fundi seremala. Kama kuna mwanamke aliyezaliwa na fagio mkononi, basi ni huyu. Watu walimtania kwamba kuku wake hunawa miguu kabla ya kuingia bandani. Kwa usafi huo, na kwa kuwa nyumba yake ndiyo iliyotangulia kuwekwa sakafu ya saruji, akina mama wa jumuiya yao ya kanisa walimpa kazi ya heshima: kuwatunzia mbegu. Kila mwaka baada ya mavuno, nyumba kumi na moja zilipeleka kwake maharage ya mbegu, kila nyumba mfuko wake, yakakaa katika chumba cha nyuma mpaka mvua za Desemba. Utaratibu huo uliwekwa kwa makusudi, maana maharage yakiwa nyumbani kwako na watoto wanalia njaa, sufuria hushinda busara.

Siku moja mwanzoni mwa Septemba, Veneranda aliingia chumba cha nyuma kufagia, akakuta juu ya mifuko vitu vyeusi vidogo kama punje za mchele uliopikwa vibaya.

"Toba!" akasema peke yake. "Mavi ya panya! Kwangu mimi?"

Hakuhitaji mganga wa kumwambia wametoka wapi. Chini ya ua wa matete palikuwa na vijia vitatu vilivyokanyagwa vikalainika, na vyote vilitokea upande wa Benedicta. Benedicta alikuwa mjane tangu Juni. Mumewe, Vitus, alivuna mahindi, akayajaza kwenye kihenge, yaani ghala lake la fito lililosimama nyuma ya jiko, akalifunika na kuliziba kwa udongo na mavi ya ng'ombe kwa mikono yake, na wiki mbili baadaye akafa kwa homa ya mapafu. Tangu mazishi, uwanja wa Benedicta ulikuwa umeota majani hadi mlangoni.

"Amejiachia," Veneranda alimwambia mumewe. "Msiba si sababu ya kufuga panya."

"Sasa si ukamwambie?" Jofrey alijibu, msumeno mkononi. "Hatua ishirini tu."

"Nimwambie nini, Baba Mercy? Kwamba nyumba yangu ina panya? Kesho jumuiya nzima itakuwa hapa kuchukua mifuko yao, na jina langu litabebwa pamoja na mifuko hiyo. Mimi nitawamaliza kimyakimya."

Basi akaanza vita vya peke yake, na vita hivyo, jamani, vilimwaibisha. Alitega mitego saba. Asubuhi ya kwanza akakuta panya watano, akafurahi; ya pili wanne; ya tatu mitego yote saba imefyatuka, chambo hakipo, na panya hakuna. Aliazima paka kwa shangazi yake. Paka akakaa siku mbili, akawatazama panya, panya wakamtazama, na siku ya tatu akarudi kwa shangazi bila kuaga. Veneranda akaziba mashimo kwa saruji aliyokuwa amebakiza Jofrey. Panya wakatoboa pembeni yake. Wale wanyama huuma huku wakipuliza: mtu anadhani mambo yametulia, kumbe wako kazini. Alipoinua mfuko wa kwanza, nao ni wa yule mjane Benedicta kwa bahati mbaya yake, chini palikuwa na tundu la kuingiza ngumi, na nusu ya maharage yamegeuka vumbi.

Alikaa sakafuni akalia. Hakulilia maharage peke yake. Alililia ile siku ya Desemba ambapo wanawake kumi watasimama mlangoni na majembe begani, mvua imeshanyesha, naye hana cha kuwapa. Asiye na mbegu Desemba hana mboga Machi, hana cha kuuza Aprili, na watoto wake watakula ugali na chumvi.

Ndipo akanunua sumu. Akaichanganya na unga wa dagaa, akaipanga kwenye vigae pembezoni mwa ua. Hakumwambia mtu.

Kesho yake saa mbili asubuhi Benedicta alipita pengo la ua akiwa na beseni. Ndani ya beseni kulikuwa na tetea mwekundu amekufa, shingo imelegea.

"Kamwene, Mama Mercy," akasalimu, sauti imemkauka.

"Kamwene, Mama Brayson."

"Huyu ndiye aliyekuwa ananipa mayai ya watoto. Ameacha vifaranga tisa. Nimemkuta hapo uani, mdomoni ana unga wa dagaa. Unga huo ni wa nani?"

Veneranda angeweza kuomba radhi pale pale. Lakini aibu ikimbana mtu hugeuka hasira, na hasira haina breki.

"Na panya ni wa nani?" akafoka. "Wanatoka kwako, Mama Brayson! Miezi mitatu unawafuga, mimi silali, mbegu za watu zinaliwa, halafu unaniletea habari za kuku!"

Benedicta akaliweka beseni chini polepole. "Panya wangu? Njoo. Njoo uwaone panya wangu."

Akamshika mkono, akamvuta hadi nyuma ya jiko, mbele ya kihenge cha marehemu. "Weka sikio."

Veneranda akaweka sikio kwenye udongo mkavu. Ndani kulikuwa na mtafuno usiokoma, na vilio vidogo vidogo, na mahindi yakiporomoka. Nywele zikamsimama. Hawa hawakuwa panya ishirini wala hamsini.

"Mungu wangu! Kwa nini hujakifungua?"

"Nikifungue mimi nani?" Benedicta akasema, na sasa machozi yakamtoka waziwazi. "Hujui mila za kwao? Kihenge kilichozibwa na marehemu hufunguliwa na ndugu yake, siku ya kuanua tanga. Shemeji Anord yuko Mbalizi. Alisema Agosti, akasema Septemba, sasa anasema mpaka amalize kazi zake. Nikigusa udongo ule, watasema nimekula mali ya ndugu yao kabla kaburi halijakauka. Wataninyang'anya shamba, na Brayson na mdogo wake wataenda wapi? Mama Mercy, mimi nalima vibarua kwenye nyanya za watu, nanunua unga kwa kopo dukani, na mahindi ya mume wangu haya hapa nayasikia yakiliwa mchana kutwa!"

Veneranda alihisi uso unamuungua. Tangu mazishi hakuwahi kuvuka ule ua kumjulia hali mwenzake. Hatua ishirini! Alikuwa amehesabu mavi ya panya kila siku, lakini hakuwa amehesabu siku ambazo moshi haukutoka jikoni kwa jirani.

"Nisamehe," akasema. "Kuku nimemuua mimi. Sumu ni yangu. Na mfuko wako wa mbegu umeliwa nusu, sikukwambia."

Benedicta akajifuta uso kwa khanga, akasema, "Basi na wewe umenificha."

"Nimewaficha wote. Jumamosi nitasema."

Jumamosi jumuiya ilisali kwa mzee Sedekia, mwenyekiti wao. Baada ya sala, kabla ya matangazo, Veneranda alisimama. "Ndugu zangu, mbegu zenu zinaliwa na panya. Nilijua tangu mwanzo wa mwezi, nikanyamaza kwa kiburi. Nimeshindwa."

Kila mtu alitazama miguu yake. Kisha Mama Devotha, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, akakohoa.

"Hata kwangu wapo," akasema. "Wamekula viatu vya shule."

"Kwangu wako darini," akasema mwingine.

"Mimi mbona wamenitafunia Kitabu cha Ibada!" akasema mzee Sedekia, na hapo watu wakaangua kicheko. Kumbe! Katika nyumba kumi na moja, tisa zilikuwa na panya, na kila mmoja alikuwa akiwafukuza kimyakimya kwenda kwa mwenzake, naye mwenzake akiwarudisha kwa heshima zile zile. Jofrey akasema ndiyo maana mitego ya mkewe haikwisha kazi; alikuwa akitegea panya wa kijiji kizima.

Ila kicheko hakifungui kihenge. Mzee Sedekia akampigia Anord simu, akaiweka kwenye spika katikati ya mkeka. Anord akaanza maneno yale yale: mwezi ujao, nauli, kazi. Veneranda hakuvumilia. Akainamia simu.

"Shemeji Anord, kamwene. Mimi ni jirani wa marehemu. Nakuomba usichelewe sana, maana urithi wenu unatafunwa. Ukija mwezi ujao utarithi mavi ya panya, na hayo hatukunyimi, utabeba yote."

Watu wakashika vinywa. Kule Mbalizi Anord akasema kwa sauti ya chini, "Kwani Mama Brayson anakula nini?"

"Muulize, yupo hapa."

Benedicta akasema, "Unga wa kopo, shemeji."

Anord akapumua kwa nguvu. "Nilidhani hakunisubiri, amekifungua zamani. Nilikuwa naona haya kuja mikono mitupu kumkuta anakula. Jumatano nitakuwa hapo."

Na Jumatano alifika kweli, kwa basi la asubuhi. Alimkuta Jofrey ameshapanga kazi. Kila nyumba ilileta bati mbili, kongwe au mpya, zikafukiwa kwa ncha kukizunguka kihenge kama ukuta, bati ikigusana na bati, maana panya hana kucha za kupanda bati linaloteleza. Matete yote kati ya nyumba yalikuwa yamefyekwa tangu jana yake, na kila nyumba ilikuwa imeacha mtu mmoja na mbwa wake, ili atakayefurushwa huku asipate pa kujificha kule. Muuguzi wa zahanati alikuwa amewaonya wavae mabuti na mifuko ya plastiki mikononi, wasimguse panya kwa mkono mtupu.

Anord akavua kofia. Akaweka kiganja juu ya udongo ambao kaka yake aliusiliba. "Kaka, tumechelewa," akasema. "Utusamehe. Tunafungua." Akagonga kwa mpini wa jembe, udongo ukapasuka.

Weee! Panya walimwagika. Wakubwa, wadogo, wa kahawia, wa kijivu, wakigonga bati na kurudi, na ndani ya duara fimbo zikawa zinashuka. Mama Devotha alipiga kelele kuliko wote na akaua kuliko wote. Mmoja alipanda ndani ya suruali ya Anord, mtu mzima akacheza ngoma ambayo Mbalizi hawajawahi kuiona, mpaka Benedicta, ambaye hakuwa amecheka tangu Juni, akalazimika kushika nguzo ya jiko asianguke. Walichimba shimo refu, wakawafukia kwa majivu.

Mahindi yaliyookolewa hayakufika nusu. Waliyaanika juu ya turubai, wakayapepeta, wakayaosha na kuyaanika tena siku mbili. Watu walimtazama Anord, kwa kuwa mgawo ulikuwa wake kuutamka. Akajaza debe moja tu.

"Hili nampelekea mama yetu, aonje jasho la mwanawe," akasema. "Mengine yanabaki na watoto wa Vitus. Na shamba lao hakuna atakayeligusa, mzee Sedekia umesikia."

"Nimesikia," akasema mzee Sedekia. "Na bati zimesikia."

Jioni ile moshi ulitoka jikoni kwa Benedicta. Veneranda alivuka palipokuwa na ua, kapu mkononi, ndani yake tetea mweupe.

"Si mwekundu," akasema kwa haya.

"Mayai hayana rangi ya mama yake," akajibu Benedicta, akampokea. "Kaa tule."

Mbegu nazo zilikuwa zimepungua. Akina mama waliimwaga mifuko yote juu ya turubai moja, wakachanganya, wakagawana sawa kwa sawa, na haikumtosha mtu vizuri, lakini hapana aliyerudi mikono mitupu. Mvua ilinyesha wiki ya kwanza ya Desemba. Maharage yakaota mistari kwa mistari mteremkoni. Kwa mwaka uliofuata waliamua kujenga ghala la mbegu juu ya nguzo zilizovishwa mikanda ya bati, nao wakachagua watunzaji wawili, Veneranda na Benedicta.

Siku ghala linamalizika, mke mgeni wa kijiji, aliyeolewa mwezi uliotangulia, alisimama nyuma ya wenzake akivuta ncha ya khanga. "Samahani, mama zangu," akasema kwa sauti isiyosikika vizuri. "Naona aibu, lakini kwangu kuna kitu kinakwaruza darini..."

Hakumaliza. Mama Devotha alikwisha kuokota fimbo, Jofrey ameshabeba bati, Benedicta anamwita mbwa wake, na Veneranda, mabuti yamo miguuni tayari, akamshika bibi harusi bega na kumwambia, "Aibu ya nini, mwanangu? Twende wote. Kidole kimoja hakivunji chawa."