Zimwi Lililobeba Mawe ya Kanisa

Sogeeni, jamani, nina ngano. Mko tayari? Haya!

Fundi mwashi Mbonea alianza kujenga kanisa bondeni. Asubuhi akakuta mawe yote yako mlimani. Akayateremsha. Siku ya pili, yako mlimani. Akayateremsha. Siku ya tatu akawahi alfajiri, na lo! Zimwi lenye jicho moja lilikuwa linapanda mlima, limekumbatia mawe.

"Mwizi wewe!" akapiga kelele.

"Siibi, Fundi. Leo mto utalimeza bonde hili. Kimbieni!"

Watu wakakimbilia juu, lakini Mbonea akagoma. "Nimwamini mla watu, mimi?"

Mara maji yakaja yakinguruma, marefu kuliko nyumba, yakamsomba. Zimwi likateremka mbio, likamnyakua, likamrusha juu mlimani. Kisha maji yakalifunika lenyewe, wala halikuibuka tena.

Kesho yake Mbonea akaanza kujenga palepale juu.

Mpaka leo mahujaji wakifika huko hushangaa: kanisa dogo vile, mlango mrefu kama mnazi! Wenyeji huwaambia, "Fundi alisema zimwi likirudi lisiiname."