Ahadi Tatu, Kiti Kimoja

Sogeeni karibu, na anayesinzia akanawe uso, maana leo kazi ni yenu.

Huko Lugenda, milimani, kuna kiwanda cha chai. Kimoja tu! Kingine ni safari ya siku mbili, barabara ikikubali. Wenyewe ni wakulima, na mwenyekiti wao ni Mama Tulalumba. Ndani yake walikuwemo watatu wenye vipaji. Kyando, fundi, mashine ikikohoa anajua inaumwa wapi. Yusta, msimamizi, pua yake humwambia chai imeiva kabla ya saa. Na Tweve, mpokea majani, kwa maneno yake hata mvivu hushika jembe.

Masika yale meneja wa kutoka mjini alifungasha virago bila kuaga. Kesho yake mkanda wa kikaushio ukakatika, na majani ya kijiji kizima yamo ndani. Chai haingoji, jamani! Ikilala hivyo, ni samadi. Na mnunuzi alishaonya kwamba mzigo huo ukikosekana, Lugenda hanunui tena.

Mama Tulalumba akamkimbilia Kyando. "Baba, tuokoe. Mashine ikiwaka, umeneja ni wako." Kyando alikuwa ameitwa kwa barua kazini bondeni, kwenye kiwanda cha sukari. Akaichana barua ile. Akakata tairi la lori, akashona mkanda, mashine ikanguruma.

Kumbe kipimajoto nacho kimekufa. Mama akamgeukia Yusta. "Mwanangu, tunusie hii chai. Ikitoka nzuri, kiti cha meneja ni chako." Yusta alishakaimu umeneja mara mbili, na mara zote mbili akaletewa bosi mgeni, tena yeye Yusta ndiye akamfundisha kazi. Akacheka kwa uchungu. Kisha akasimama kwenye joto lile siku nzima: "Bado... bado... sasa!" Chai ikatoka chai kweli.

Asubuhi ikaja habari kwamba daraja limechukuliwa na maji. Mama, maskini, akili zikamruka. "Tweve, fikisha mzigo ng'ambo, umeneja ni wako." Tweve akapita nyumba kwa nyumba, huyu anamtania, yule anambembeleza. Watu sitini wakavuka mto, maji kiunoni, magunia kichwani. Mwenyewe aliteleza akavunjika mkono, lakini hakuna gunia lililolowa.

Mnunuzi akafurahi, akataka jina la meneja mmoja ifikapo Ijumaa. Hapo ndipo Mama alipokumbuka mdomo wake. Akawaita nyumbani kwake, akawaambia yote, machozi yanamtoka.

"Mimi uliniahidi wa kwanza," alisema Kyando.

"Mkanda wako ungekausha nini bila pua yangu?" Yusta akamrudi.

"Na hiyo chai yenu wangekunywa samaki?" akauliza Tweve.

Hakuna aliyecheka. Kila mmoja akasema lile lile: akikosa, anashuka bondeni kutafuta kazi. "Si hasira, Mama," Yusta alisema taratibu. "Kiwanda kingine hapa hakuna. Nizeeke nikiwa msimamizi?"

Mama hakukusudia kumdanganya mtu. Aliogopa tu. Na sasa anaogopa zaidi, maana akiandika jina moja anawafukuza wawili, na masika yatarudi.

Leo ni Ijumaa. Msiniambie wagawane, kiti ni kimoja. Haya, wewe unayetikisa kichwa hapo nyuma, shika kalamu. Ungeandika jina la nani, na wale wawili ungewatazamaje usoni?