Kwa Nini Mbwa Aliyeachwa Nyumbani Hulia

Zamani, kabla milango ya mbao haijafika huku milimani, mbwa walikuwa wanasema. Hawakusema mengi. Mbwa hakuwa na hadithi wala mafumbo, na hakuna aliyewahi kumsikia akiomba radhi. Alijua majina ya watu wote wa kilima chake, alijua njoo, nenda, nani, yupo na hayupo, na kwa maneno hayo machache alifanya kazi ya kutosha. Msiniulize walijifunzia wapi. Mimi sikuwepo, na bibi aliyenisimulia alikuwa hapendi kukatizwa, tabia ambayo nimeirithi.

Siku hizo hakuna mbwa aliyebaki nyumbani. Watu wakienda shamba, mbwa yuko mbele. Wakienda kisimani, arusini au msibani, mbwa yuko nao, na akifika husema waziwazi nani amekuja na nani ameachwa. Kilichobaki peke yake ni nyumba. Mwenyewe alikata tawi bichi, akalilaza mlangoni kutoka nguzo hadi nguzo, akaenda zake. Tawi lile lilikuwa na nguvu kuliko kufuli zenu za leo. Maana yake ilikuwa moja: humu hamna mtu.

Hakuna aliyelivuka, hata mwizi. Wazee walikuwa wamefundisha kwamba nyumba ikibaki tupu, mizimu ya wenyewe huingia kukaa kidogo kwenye vigoda walivyoviacha. Kwa hiyo ukisikia sauti ndani ya nyumba yenye tawi, usiitikie. Hata ikikuita kwa jina lako, usiitikie, ziba masikio upite. Watoto walifundishwa hivyo kabla hawajafundishwa kuamkia.

Basi juu ya kilima kimoja aliishi mtu aitwaye Nyambu, pamoja na mama yake, bibi Mkawasi, na mbwa wao Shoka. Bibi Mkawasi alikuwa hawezi kusimama. Miguu yake ilikuwa imekufa tangu masika ya mwaka uliotangulia, na sauti nayo ilikuwa imepungua, akisema ni lazima umwinamie. Nyambu alimbeba nje asubuhi aote jua, akamrudisha ndani likizidi kuwa kali. Alimwogesha, alimlisha, alimkata kucha. Nasema hivi kwa sababu najua mnapenda kusikia kwamba mtu aliyefanya ubaya alikuwa mbaya tangu tumboni mwa mama yake. Huyu hakuwa hivyo. Na kila adhuhuri jirani yao Wakesho alipita na kibuyu cha uji, akaketi na bibi huyo mpaka uji uishe.

Nyambu alitaka kuoa. Alikuwa amempenda Samba, binti wa mzee Mwakio wa ng'ambo ya bonde, na Samba naye alikuwa hamkatai. Lakini mzee Mwakio alikuwa na donda lake. Binti yake wa kwanza alikuwa ameolewa kwenye nyumba yenye mgonjwa, akazeeka kwa kumgeuza mgonjwa huyo kitandani kabla hajapata hata mtoto wa kwanza. Kwa hiyo mzee alimwambia mshenga neno moja: binti yangu wa pili haendi kwenye nyumba yenye mtu wa kulala.

Nyambu alipoletewa neno hilo alisema, "Mwambie mzee mama yangu amehamia kwa wajomba."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, ila hawakusema mwongo hupita na nani katika njia hiyo. Siku ya makubaliano ilipangwa. Pombe ya miwa ilichachushwa huko ng'ambo, na Nyambu akaitwa. Hapo ndipo alipomkumbuka Shoka. Mzee Mwakio, kama watu wote wa wakati ule, angemuuliza mbwa kabla ya kumuuliza mwenye mbwa: nyumbani yupo nani? Na Shoka angejibu: Mkawasi yupo. Mbwa hakujua kusema vinginevyo.

Basi asubuhi ile Nyambu alimweka mama yake kitandani, akamwekea maji kwenye kibuyu na viazi viwili karibu na mkono. Akamwambia Shoka, "Wewe kaa."

Shoka akamtazama. Hakuna mbwa aliyekuwa ameambiwa hivyo kabla ya siku hiyo. "Nenda?" akauliza.

"Mimi ndiye ninayekwenda. Wewe kaa."

Kisha akavuta mlango wa fito, akaufunga kwa kamba ya mkonge upande wa nje. Na kwa kuwa mshenga alikuwa na kawaida ya kupita njia ile, na mshenga ana macho, Nyambu alikata tawi bichi akalilaza mlangoni. Mama yake alilisikia likigusa nguzo.

"Tawi la nini, mwanangu?" akauliza kutoka ndani. "Mimi si mtu?"

"Ni kwa leo tu, mama. Nitarudi jua halijatua."

Adhuhuri Wakesho alikuja na uji wake. Aliona tawi, akasimama. Uvumi wa wajomba ulikuwa umemfikia yeye pia, maana uongo ukishatoka hauchagui wa kumwendea. Akafikiri, kumbe Nyambu amembeba mama yake leo, wala hawakuniaga. Iliuma kidogo. Akageuza njia, na uji ule wakanywa watoto wake.

Alasiri bibi Mkawasi aliona kiu. Alinyoosha mkono, kibuyu kikateleza, naye katika kukiwahi akaanguka kutoka kitandani. Nyonga ilivunjika. Maji yakamwagika yote kwenye vumbi, akayatazama yakinywewa na sakafu. Alijaribu kuita, lakini sauti yake ilikuwa haifiki hata mlangoni. Shoka alimlalia ubavuni ili apate joto.

"Ita, baba," bibi alimwambia. "Mwite Wakesho."

Shoka akasimama mlangoni, akaweka pua kwenye ufa wa fito, akaita. "Wakesho! Njoo! Mkawasi yupo! Wakesho, njoo!"

Wakesho alikuwa bustanini akichuma kunde. Alisikia jina lake likitoka katika nyumba yenye tawi, na kunde zikamwanguka mikononi. Kwamba ni mbwa hakuwaza, maana mbwa habaki nyumbani. Alimkimbilia mumewe Mwadime.

"Baba Manga, naitwa. Kule kwa Nyambu, naitwa kwa jina!"

"Tawi lipo?"

"Lipo."

"Basi hakuna anayekuita," Mwadime akasema. "Ingia ndani, uzibe masikio."

"Lakini inasema Mkawasi yupo."

"Ndivyo wanavyosema ili uingie. Mwenye nyumba amesema kwa tawi lake kwamba hamna mtu. Unamwamini nani, mwenye nyumba au hao?"

Mwadime alisema alichofundishwa, na Wakesho alitii alichofundishwa. Lakini naona uchungu kila nikifika hapa, kwa sababu mwanamke yule alikuwa hatua mia moja tu, na mikono yake ilikuwa mizima.

Shoka hakuchoka. Alimwita Wakesho mpaka jua likatua na Nyambu hakurudi. Kulipopambazuka alimwita Mwadime, akawaita watoto wao mmojammoja, akawaita watu wa nyumba ya tatu na ya nne, wazee, wajawazito, hata wale waliokuwa wamegombana na Mkawasi. Kila mtu wa kilima kile alisikia jina lake siku hiyo. Na kila mtu aliziba masikio, akaingia ndani, akashukuru kwamba amefunzwa vizuri na wazazi wake.

Na Nyambu? Nyambu alikuwa ng'ambo, amesema mbwa wake amemfuata mama kwa wajomba, na amekalishwa kwenye kigoda cha heshima. Desturi ya kule ilikuwa kwamba mtungi wa makubaliano ukishafunguliwa hunywewa mpaka chini, na mwanamume akiondoka kabla ya chini kuonekana amemkataa binti. Siku ya kwanza mtungi haukuisha. Siku ya pili, asubuhi, Nyambu alikuwa anatazama kilima chake kila mara, na mzee Mwakio akaliona hilo.

"Mkwe, mbona huna utulivu? Kuna mtu umemwacha nyumbani?"

Hapo mlango ulikuwa wazi. Angesema ndiyo, labda angemkosa Samba, labda asingemkosa. Mwakio alikuwa mtu mkali, lakini naye alikuwa na mama. Nyambu alisema, "Hapana, mzee. Hakuna mtu."

Haukupita muda, upepo ukageuka, ukaleta sauti kutoka upande wa pili wa bonde. Ilikuwa imeanza kukwaruza, lakini jina lilisikika. "Nyambu! Nyambu, njoo!"

Wanywaji wakashusha kata zao. Samba, aliyekuwa akipita na kata za pombe, akasimama.

"Unaitwa wewe?" Mwakio akauliza.

Nyambu akashusha macho ndani ya kata yake. "Si mimi, mzee. Akina Nyambu ni wengi."

Akanywa.

Ndani ya nyumba, bibi Mkawasi alikuwa ameacha kusema tangu alfajiri. Alikuwa anapumua na mkono wake uko shingoni kwa Shoka, anapapasa. Mbwa aliita mpaka koo likapasuka. Maneno yalimtoka moja baada ya jingine wala hayakurudi. Kwanza alipoteza majina ya watu wa mbali, kisha ya majirani, kisha njoo, kisha yupo. La mwisho lilikuwa la Nyambu, nalo lilichakaa mpaka ukabaki mwisho wake tu, sauti ndefu isiyo na kitu ndani. Jioni ya siku ya pili, mkono uliokuwa shingoni uliacha kupapasa.

Siku ya tatu Nyambu alirudi amekubaliwa. Alikuta majirani wamesimama mbali, njiani, hawamsalimu.

"Nyumbani kwako kumechafuka," Mwadime akamwambia. "Siku mbili mizimu yako inatuita majina. Hatukulala."

Nyambu aliwapita. Alikimbia. Alilipiga teke tawi, likavunjika kwa kuwa lilikuwa limeshakauka majani, akaikata kamba, akaingia. Mama yake alikuwa sakafuni, midomo imekauka, na Shoka amemlalia kifuani kama blanketi.

"Nini kimetokea?" Nyambu akalia. "Shoka! Sema, nini kimetokea?"

Shoka akainua kichwa, akafungua kinywa, na kilichotoka ni ule mwisho wa jina, mrefu, unaopanda na kushuka. Alijaribu tena, kikatoka hicho hicho. Wakesho, kule njiani, aliitambua sauti ile. Alivuka lile tawi lililovunjika, akaingia, akaona. Akaketi chini pale pale alipozoea kuketi na kibuyu chake cha uji.

"Aliniita," alisema. "Aliniita mimi wa kwanza. Nilikuwa nachuma kunde."

Mazishini walikuja watu wa vilima vyote, na mzee Mwakio akaja. Alisimama mbele ya Nyambu, akamuuliza mbele za watu, "Jina lile la juzi lilikuwa lako?" Nyambu akashusha macho kama alivyoyashusha siku ile kwenye kata, na mzee akajua. Samba hakuolewa naye. Hakuolewa na mtu yeyote kwa miaka mingi, maana alisema yeye pia alisikia, na aliendelea kugawa pombe.

Mbwa nao walikuja, kila mmoja na watu wake, kama ilivyokuwa desturi. Walimzunguka Shoka, wakamnusa kinywa. Alichowaeleza hatukijui. Tunachojua ni kwamba asubuhi iliyofuata Wakesho alimwita mbwa wake kwa jina, naye akaja, akaketi, akamtazama machoni. Wakesho akamuuliza, "Umeamkaje?" Mbwa hakujibu. Ilikuwa hivyo kilima kizima, na ng'ambo, na kwingineko. Walikuwa wameona kwamba mmoja wao alisema yote aliyoyajua, kwa usahihi, kwa sauti kubwa, siku mbili, na hayakumfaa mtu. Wakayaacha maneno.

Na tangu siku hiyo mbwa hasemi. Ukimfungia nyumbani peke yake hukaa nyuma ya mlango akalia ule mwisho wa jina, na jina ni lako. Ukirudi, hata kama ulikwenda dukani tu kununua chumvi, anakurukia, ananusa njia ulizopita, anakulamba kinywa, kwa sababu anajua maneno yalibaki humo. Na huku kwetu hakuna anayelaza tawi mlangoni tena. Anayesafiri humwambia jirani, na mbwa akilia ndani ya nyumba iliyofungwa, aliye karibu huacha alichoshika akaenda kubisha hodi, hata kama wenyewe wameaga kwamba hawapo.

Mimi nimebisha mara nyingi, nikakuta mbwa tu, mzima, na upweke wake. Mara moja nilichelewa. Nilikuwa napepeta maharage, nikasema acha nimalize ungo huu kwanza, na nilipofika, mwili wa jirani yangu ulikuwa bado na joto.