Kasha la Mzee Shaibu na Kidole cha Mnunuzi

Katika enzi ambazo masultani walilala juu ya mito ya hariri na bado wasipate usingizi, mji wa Durkani, wenye milango saba na visima arobaini, ulitawaliwa na Sultani Mundhiri bin Ghalibu, na Sultani huyo Mwenyezi Mungu alimjaalia kila kitu isipokuwa kutosheka, kwani alikuwa na maradhi ya kupenda maajabu, na kasri lake lilijaa ndege wasemao na vioo vichekavyo na saa za maji zipigazo zumari, na bado kila Idi ikikaribia alimtuma waziri wake sokoni kumtafutia ajabu mpya. Na alikuwa na mtoto mmoja tu, binti aitwaye Nurulaini, ambaye alimpenda kuliko maajabu yote hayo, ingawa sisi tusimuliao lazima tuseme kweli, hakuwahi kumwambia.

Na katika mtaa wa wauza makasha wa mji huo alikuwako Mzee Shaibu bin Hamdani, aliyefanya biashara miaka sitini, na biashara yake ilikuwa kichekesho cha mtaa mzima. Wenzake wakimwona mnunuzi humsifia kasha mpaka mate yakauke, lakini yeye humkaribisha kwa kahawa, na humwacha ashike na afungue na afunge, na kabla ya kutaja bei humwambia, "Nipe kidole chako," na hukichukua kile kidole na kukiweka juu ya kasoro ya kasha, iwe ni ufa au fundo la mti au bawaba iliyolegea, na humweleza kasoro hiyo itamletea taabu gani na katika msimu gani. Na aliyekuja na hasira za nyumbani kwake hamuuzii, humwambia akapatane kwanza kwani kasha halina miguu. Na aliyenunua humfuata baada ya mwezi, hubisha hodi na kuuliza kama mfuniko unafunguka vizuri. Nusu ya wateja waliondoka mikono mitupu, na nusu iliyobaki walinunua kwake wao na watoto wao na wajukuu wao.

Mzee huyu aliishi na mjukuu wake Haidari, kijana wa miaka ishirini na mitatu ambaye wazazi wake walifariki angali mdogo, na hakuwa na mtu mwingine duniani. Haidari alimpenda babu yake, lakini biashara ile ilimchoma moyo, kwani kila alipomwona mnunuzi akiondoka alitamani ardhi ipasuke immeze, na mara nyingi alimwambia, babu, mbona unawafukuza watu kwa mdomo wako mwenyewe? Na babu hucheka tu na kummiminia kahawa nyingine.

Na pembeni mwa duka palikuwa na kasha jeusi la mpingo, lenye njumu za shaba zilizong'aa bila kusuguliwa, na hilo halikuwahi kupata mnunuzi. Kila aliyeliulizia, Mzee Shaibu alikiweka kidole chake juu ya kufuli na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba kasha hili hutoa utajiri, na kasoro yake ni kwamba humnyang'anya mwenyewe mtu wake. Wengine walicheka, wengine walitimua mbio, na Haidari akawa anajiambia kuwa uzee umempata babu yake.

Basi ikatokea mwaka mmoja, zikiwa zimebaki siku tatu kabla ya Idi, Mzee Shaibu akashikwa na homa akalala ndani, na Haidari akabaki peke yake dukani. Na saa nne ya asubuhi Waziri akaingia na askari wanane, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye kasha jeusi, na akaliuliza bei. Na kabla Haidari hajajibu, Waziri akainua mkono wake, akanyoosha kidole, akasema, "Najua desturi ya duka hili, kijana. Niwekee hapo penye kasoro, kisha tuzungumze."

Haidari akakitazama kile kidole chenye pete ya akiki, na akawafikiria wateja wote waliotoka mikono mitupu, na akaona hii ndiyo siku yake. Akasema, "Hili, bwana wangu, halina kasoro."

Na Waziri akastaajabu mno, kwani katika miaka sitini neno hilo halikuwahi kusemwa katika duka lile, na kwa sababu halikuwahi kusemwa aliliamini pale pale, na hakupunguza bei, bali alimwaga mezani kifuko kizima cha dhahabu bila kuuliza zaidi. Kama angekuwa ameingia duka la jirani, ambako kila kasha halina kasoro, asingeamini hata kidogo. Uongo wa kijana ulinunuliwa kwa ukweli wa babu, na kijana hakulijua hilo.

Askari wakalibeba kasha, na Haidari akaingia ndani na kile kifuko, akakiweka kitandani kwa babu yake, akamsimulia huku akitabasamu. Na Mzee Shaibu hakukitazama kifuko. Aliuliza jambo moja tu, "Kidole chake ulikiweka wapi?"

Haidari akakiri kwamba hakukiweka popote. Na yule mzee mwenye homa akainuka akitetemeka, akatafuta viatu vyake kwa miguu huku machozi yakimtiririka, na kijana akashtuka, maana hakuwahi kumwona babu yake akilia. Ndipo mzee akamweleza alichokuwa hajamweleza mtu. Kwamba ujanani mwake alilinunua kasha lile kwa mfanyabiashara mgeni aliyeapa kuwa halina kasoro, na alipolifungua alitoka jini akamjazia nyumba dhahabu, na mkewe Bi Zuhra alipoingia kutoka jikoni, na mwiko mkononi, alimtazama akamuuliza, wewe mgeni umeingiaje humu? Na ikambidi ampose upya mke wake mwenyewe, na mfanyabiashara yule hakuonekana tena. Na kasha lilitiwa moto likakataa kuungua, na lilitupwa kisimani likakutwa mahali pake, basi akaona heri alikalie yeye mwenyewe kuliko limfikie mwingine.

 Haidari akamkumbuka bibi yake, ambaye mpaka anafariki alikuwa akimwita mumewe "Mgeni", Mgeni njoo ule, Mgeni funga mlango, na nyumba nzima ikicheka, na yeye utoto wake wote alidhani ni utani wa wapendanao.

Wakatoka mbio, mjukuu amemshika babu mkono, wakavuka mitaa mpaka kasrini, na walipofika barazani wakakuta watu wamesimama kama walioshindiliwa misumari. Kasha lilikuwa wazi. Juu yake, kichwa kikigusa dari, alisimama jini wa rangi ya moshi aitwaye Tarmashi, na chini yake sakafu yote ilifunikwa kwa lulu, na hakuna aliyeinama kuokota hata moja. Kwani Nurulaini alikuwa ameitwa aje kuona ajabu mpya ya baba yake, na alipoingia aliuficha uso wake kwa ushungi, akawauliza wajakazi kwa adabu, ni nani yule mzee aliyekaa kwenye kiti cha baba yangu, na baba yangu yuko wapi? Na Sultani alimwita kwa jina lake, na kwa jina la utotoni, na kila alipomsogelea binti alirudi nyuma kwa hofu, na mfalme yule ambaye majeshi yalimtetemekea aliketi chini juu ya lulu akakosa la kufanya.

Waziri akamwonyesha Haidari kuwa ndiye muuzaji, na Sultani akaamuru akatwe kichwa. Lakini jini akacheka mpaka taa zikayumba, akasema, "Ewe Sultani, kukata kichwa hakutakurudishia mtoto. Sikiliza sheria niliyofungwa nayo miaka mia tisa. Mauzo yaliyofichwa kasoro si mauzo. Aliyesema halina kasoro, ulimi huo huo uitaje mbele ya mashahidi, na akiweke kidole cha mnunuzi mahali pake, na bidhaa itamrudia yeye, na nilichochukua kwako kitarudi. Lakini kasha halikosi malipo yake. Nitachukua mtu wake, na huyo harudi, kwa kuwa atakuwa amelipokea akijua." Kisha akamwinamia Haidari, akamnong'oneza kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima, kwamba akipenda kunyamaza, atambeba yeye na babu yake sasa hivi mpaka mji wa mbali usiofikiwa na askari, na ataishi huko kwa raha.

Haidari akageuka. Alikuwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa amesimama kando yake kwa viatu alivyovivaa kinyume, jasho la homa likimtoka. Na Mzee Shaibu akajitokeza mbele akasema duka ni lake na kasha ni lake, basi alipe yeye. Jini akatikisa kichwa akasema si yeye aliyesema neno lile.

"Babu," akasema Haidari, "nikiitaja hutanijua."

Mzee akamshika uso kwa mikono miwili, akamtazama muda mrefu kama mtu anayetaka kushiba. Akasema, "Mpe mnunuzi haki yake, mjukuu wangu. Ametuamini kwa sababu yangu."

Na Haidari akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa, akapiga magoti mbele ya Sultani, akachukua kidole chake akakiweka juu ya kufuli la shaba, na akasema wasikie wote, "Maulana, kasoro ya kasha hili ni kwamba humnyang'anya mwenyewe mtu wake. Niliijua, nikaificha. Nalichukua tena."

Lulu zikayeyuka kama umande. Nurulaini akapiga kelele, "Baba," akaanguka kifuani kwa Sultani, na Sultani akamwambia siku hiyo yale yote ambayo hakuwahi kumwambia. Na jini Tarmashi akajishika shingo, akaona pingu yake ya chuma imedondoka, na yeye ndiye aliyepigwa na butwaa kuliko wote. Alisema kwamba alifungwa mpaka apatikane muuzaji atakayetaja kasoro hali hasara ni yake mwenyewe, na kwamba katika miaka mia tisa amepita mikononi mwa wauzaji elfu na alikuwa ameshakata tamaa. Akaaga kwa heshima akapita dirishani, na kasha likabaki mbao tupu.

Haidari hakuyatazama hayo. Alikuwa akimtazama babu yake, na babu yake alikuwa akilizunguka kasha, akilipapasa, na alipoinua macho akamwona kijana anayelia, akamtabasamia kwa upole, ule upole aliokuwa akimpa kila aingiaye dukani.

"Kijana, usilie, kasha ni kasha tu," akasema. "Umelipenda? Basi kabla sijakutajia bei, nipe kidole chako."

Na mnyongaji akaurudisha upanga wake alani.

Haidari akampa kidole chake, na mzee akakiweka penye mfuniko, akamweleza kwamba utakaza kidogo wakati wa mvua. Kisha akamsindikiza mpaka nyumbani, akamrudishia Waziri kile kifuko cha dhahabu, na homa ya mzee ilipokwisha akaja dukani asubuhi kama mgeni akaomba kazi. Mzee Shaibu akamuuliza amewahi kufanya kazi gani, naye akamweleza alichouza na alichoficha, akiacha tu jina la duka. Mzee akafikiri kidogo, akasema anayetaja kasoro yake mwenyewe kabla ya mshahara anafaa kujaribiwa. Na akamfundisha upya toka mwanzo, namna ya kumimina kahawa, namna ya kungoja, namna ya kumtuma nyumbani mwenye hasira, na namna ya kubisha hodi baada ya mwezi, na Haidari akajifunza yote kwa mara ya pili, na mara hii hakuona haya hata siku moja. Na jioni wakifunga duka mzee humwita, "Mgeni, njoo tule," na kijana huja.

Na watu wa Durkani, waliosikia yaliyotokea kasrini, wakafurika mtaa wa makasha kutoka milango yote saba, na lile duka likapata neema ambayo mtaa ule haukuwahi kuiona.

Mwaka ulipotimia, Nurulaini akamwambia baba yake kwamba mwanamume mmoja alimpoteza mtu wake ili yeye amjue wake, na kwamba hamtaki mwingine. Sultani akaridhia, na Haidari akatakiwa apeleke mzee wa kumposea, na hakuwa na mzee ila mwajiri wake.

Basi Mzee Shaibu akavaa kanzu yake nyeupe akaingia barazani, na wakubwa wote wakiwa wameketi, akamwendea Sultani, akamsalimu, akamwambia, "Maulana, kabla hatujataja mahari, nipe kidole chako." Sultani Mundhiri akakitoa. Na mzee akakichukua akakiweka kifuani kwa Haidari, upande wa moyo, akasema, "Kasoro yake iko hapa. Siku moja aliuza kitu akaficha ila yake, na mtu akaumia. Tangu hapo kila jioni hukaa kimya kwa muda, ananitazama, na sijui anatafuta nini. Ukiweza kuishi na hilo, tuendelee."

Sultani akashindwa kujizuia, machozi yakamwangukia ndevuni. Akauliza, "Na wewe, Mzee Shaibu, ni nani wake?"

Mzee akamgeukia yule kijana, akamtazama kwa muda, na paji lake la uso likakunjamana kama la mtu anayesikia anaitwa kutoka mbali. "Si ndugu yangu, Maulana," akasema. "Lakini ningejaaliwa mjukuu, ningemfundisha hivi hivi."

Wakaozeshwa, na mji ukala na kunywa siku saba, na kasha jeusi likabebwa kasrini likatiwa nguo za bibi harusi, na mfuniko wake ulikaza kidogo wakati wa mvua, kama Mzee Shaibu alivyokuwa ameeleza. Na huo ndio mwisho wa hadithi yangu. Aliyenisikiliza na auze chake kwa kuanzia kwenye kasoro, na aliye na babu yake nyumbani na aende akampe kidole chake sasa hivi, angali anamjua.